Bi Shemsa na Mashine ya Kukunia Nazi

Hapa Uroa pampu ya maji ikigoma, anaitwa Shemsa. Jenereta likikohoa, Shemsa. Msumeno wa seremala ukitoa moshi, hakuna anayesema "tafuteni fundi", watu husema "kamwoneni Shemsa", kama vile nchi nzima haina mtu mwingine mwenye spana. Mimi ni jirani yake tangu nilipoolewa hapa nikitokea mjini Unguja, mtaa wa Malindi, na sijapata kumwona amejifunga kanga isiyo na doa la oili.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake Muhiddin, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko la Darajani, chumba chembamba cha kupitisha mtu na injini moja, wawili hawapiti. Wazazi walimpeleka Shemsa mjini akae kwa mjomba asome skuli. Skuli alikwenda, sikatai. Lakini akirudi, badala ya kukaa jikoni na mke wa mjomba akajifunza mambo ya kike, alikaa chini ya meza ya mjomba akila kaukau na kupanga nati kwa ukubwa wake. Alirudi Uroa na cheti na sanduku la spana. Cheti sijui kiko wapi, sanduku analala karibu nalo.

Siku moja, nilipokuwa nimekwenda kwake kumpelekea sahani ya bokoboko la ngano na nyama, nilimuuliza swali lililonikaa moyoni muda mrefu. Nilimwambia, "Shemsa, petroli ni maji tu yenye harufu. Inazungushaje chuma?"

Alifurahi mpaka akaweka bisibisi chini, na Shemsa haweki bisibisi chini kwa ajili ya mtu yeyote. "Ulfat, ushaona sufuria ya chai ikichemka, kifuniko kikawa kinarukaruka?"

"Nshaona."

"Nani anakirusha?"

"Mvuke."

"Basi injini ndo hivyo hivyo. Petroli inaungua ndani ya kijumba kidogo cha chuma, inakuwa hewa ya moto, na ile hewa inataka nafasi. Haina pa kwenda ila kusukuma kifuniko kimoja tu, nacho ni pistoni. Inakipiga teke, kinashuka. Kinarudi, inakipiga tena. Juu, chini, juu, chini. Lakini juu chini haizungushi kitu. Sasa utafanyaje upate mzunguko?"

"Sijui."

"Unajua. Ukishona, mguu wako unakwendaje kwenye cherehani?"

Nikautazama mguu wangu. Unakwenda juu, unakwenda chini, kibao kinasukuma fimbo, fimbo inalishika gurudumu, na gurudumu linazunguka. Nilishikwa na furaha ya kitoto. Miaka yote nashona na sijui kuwa mguu wangu ni pistoni. Niliporudi nyumbani nilimweleza mume wangu, akaniuliza kama bokoboko limebaki.

"Na jambo moja usilisahau," aliniambia Shemsa siku ile. "Hakuna mzunguko wa bure. Kila kinachozunguka kimekula kitu. Injini imekula petroli, feni imekula umeme, na weye umekula chapati. Mkono mtupu haulambwi."

Mwanamke mwenye akili kama hiyo ungedhani hakuna kinachomshinda. Kipo. Kukuna nazi. Ukimkalisha Shemsa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno ambacho kila mtoto wa kike wa kisiwa hiki anakijua kabla hajajua kusoma, anaikwangua nazi mpaka kifuu nacho kinakuja. Tui lake lina rangi ya chai. Kwa hiyo siku za shughuli, wanawake wakikaa uani kukuna, yeye alikuwa nje na jenereta au anaunganisha nyaya za spika, na sote tulishazoea kuwa huko ndiko kwake.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lazima niwaeleze desturi ya mtaa wetu. Kwetu kadi ya arusi ni ya mtu wa mbali. Mtu wa ndani hapewi kadi, anaambiwa tu, "Njoo na mbuzi wako." Basi. Hayo maneno ndiyo mwaliko, ndiyo heshima, ndiyo kukubaliwa kuwa wewe ni wa nyumba ile. Mimi mwaka niliohamia nilipelekewa kadi yenye maandishi ya dhahabu nikaizungusha mtaa mzima kuionesha. Mama mkwe wangu alinitazama kwa huruma mpaka leo naikumbuka. Shemsa alizaliwa hapa, lakini yeye maisha yake alikuwa akialikwa kwa jenereta. Neno la mbuzi halijapata kumfika, na kwa kuwa halijamfika hakujua uzito wake.

Bashira, mwanawe wa pekee, akaposwa. Shemsa akaona sasa ndio wakati wa kuwafanyia wanawake wenzake wema ambao hawatausahau. Akaokota injini ndogo ya pampu iliyotupwa na hoteli moja, akaifufua. Akachonga kichwa cha chuma, akakitia meno pande zote, akakivalisha kwenye shafti, fimbo ya chuma ya kuzungukia, akaunganisha kwa mkanda. Ukishika kipande cha nazi ukakisogeza kwenye yale meno, hujamaliza Bismillahi kifuu kiko kitupu. Nilikiona kwa macho yangu nikapiga kigelegele.

Alhamisi ya wiki ya arusi akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wanawake la WhatsApp. Mimi nilikuwa mjini nanunua udi, nikaisikiliza nimesimama katikati ya Darajani na watu wananisukuma. "Wenzangu," alisema, na sauti yake ilijaa mapenzi, "safari hii mtapumzika. Msije na mbuzi. Nazi zote zitakunwa na mashine Jumamosi asubuhi. Nyinyi njooni mle tu."

Njooni mle tu. Nikampigia simu, haikupokelewa, bila shaka injini ilikuwa inanguruma. Nikaangalia majibu kwenye kundi. Kila mmoja alijibu kwa kidole gumba, hakuna neno, hakuna hongera, kidole gumba peke yake. Mwanamke wa Uroa akikujibu kwa kidole gumba, jua una kesi.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, wakati ambao wanawake huja kuchambua mchele na kumenya vitunguu, uani kwa Shemsa palitandikwa mikeka mitano. Chai ilikuwa kwenye chupa, vitumbua vimepangwa. Alikuja paka. Shemsa akasema labda wanamalizia mwani pwani. Baadaye akasema labda simu zao hazina chaji. Alipoanza kusema labda wamesahau siku, sikuweza kumtazama, nikajifunga kanga yangu nikaenda kwa Bi Mwatum.

Bi Mwatum ndiye anayeongoza nyimbo katika arusi zetu, na arusi asiyoisimamia yeye watu huihesabu kikao. Nilimkuta barazani kwake amekaa na wenzake karibu wote tuliokuwa tukiwangoja, hawafanyi kitu, wamekaa tu kwa makusudi.

"Shikamoo Bi Mwatum."

"Marahaba."

"Mbona hatukuoneni kwa Shemsa?"

"Hatukualikwa," alisema Bi Mwatum taratibu. "Imealikwa mashine. Basi na iimbe hiyo mashine. Na ikimaliza kuimba imtoe bibi arusi."

Waliobaki walitazama ukuta. Nikajaribu kueleza kuwa Shemsa hakukusudia, kwamba alitaka kuwapumzisha. Bi Mwatum aliniuliza, mimi nikifiwa, halafu mtu akaniambia nisilie, redio italia badala yangu, nitajisikiaje. Nikarudi.

Nilipomweleza Shemsa, alikaa chini kwenye mkeka mtupu. Nilidhani atakasirika, maana ana hasira zake. Alilia. "Arusi ni watu, Ulfat," alisema. "Kesho mtoto wangu atatolewa kimya kimya kama anapelekwa hospitali. Na kosa langu. Wale wananiona mie mwanamume, siku zote wananiona mwanamume, na leo nimewathibitishia." Sijapata kumsikia akisema neno hilo, na nilivyomjua nilidhani hata halimpiti kichwani.

Nikampa shauri la kijanja la mtu wa mjini. "Sema imeharibika. Waambie injini imekufa, mnahitajika na mbuzi zenu. Watakuja mbio, na watafurahi zaidi."

Akanitazama kama nimemtukana mzazi wake. "Injini nzima niisingizie maradhi? Siwezi. Hiyo nimeitengeneza mwenyewe."

Macho yake yakawa yanazunguka uani mpaka yakafika ukutani, na hapo yakatulia. Pale ilikuwa imeegemezwa baskeli ya mumewe, Nahodha. Jina lake Nahodha lakini ni mwalimu wa hesabu, na akipanda boti ya kwenda Pemba hutapika kabla haijang'oa nanga. Mtu mpole sana. Alitoka ndani akamkuta mkewe ameshaipindua baskeli na anavua tairi la nyuma.

"Kesho nitakwendaje kuchukua nyama?" aliuliza.

"Kwa miguu," alisema Shemsa, na Nahodha akarudi ndani.

Kabla ya magharibi injini ilikuwa imetolewa na kuwekwa pembeni, baskeli imefungwa kwenye vigogo isiweze kwenda popote, na mkanda umepita juu ya gurudumu la nyuma mpaka kwenye puli, kigurudumu cha mkanda kwenye ile shafti ya meno. Nikapandishwa mimi kujaribu. Nikapiga pedali kwa nguvu zangu zote, na yale meno yakazunguka polepole, yakawa kama yanailamba nazi. Shemsa akacheka, mara ya kwanza tangu mchana. Puli aliyoweka ilikuwa kubwa mno. Akaitoa, akatia ndogo, akaniambia gurudumu kubwa likiivuta puli ndogo, ile ndogo lazima ikimbie ili isiachwe. Nikapiga tena. Meno yakavuma. Lakini mapaja yangu yaliwaka moto, nikamwambia kuna kitu kimeharibika.

"Hakuna kilichoharibika. Umetaka mbio, umelipa kwa nguvu. Ukitaka wepesi, ulipe kwa mbio. Vyote viwili hakupi mtu."

Kisha akanawa mikono, oili haikutoka yote, akaenda kwa Bi Mwatum. Nikamfuata nyuma. Wale wanawake walikuwa bado wapo barazani.

"Shikamoo Bi Mwatum."

"Marahaba. Mashine haijambo?"

"Injini nimeitoa."

"Imekufa?"

"Nzima. Nimeitoa kwa mkono wangu. Mashine sasa haina kitu cha kuizungusha, inataka miguu ya watu, na watu wangu ni nyinyi." Akaificha mikono yenye oili ndani ya kanga. "Nimekosa, Bi Mwatum. Nilidhani nakupunguzieni kazi."

"Sisi tumelalamika kazi lini?"

Bi Mwatum alimwacha Shemsa asimame hapo muda wa kutosha, maana radhi nayo ina adabu yake. Halafu akauliza, "Na mbuzi zetu tuje nazo?"

"Mje nazo. Nakuombeni mje nazo."

"Na hiyo baskeli, mtu si ataanguka?"

"Haiendi popote."

"Nitaitazama," alisema Bi Mwatum. "Kupanda, sipandi."

Asubuhi walikuja kabla jua halijavuka vichwa vya minazi, kila mmoja na mbuzi wake kwapani, nyuso zimenuna kwa sababu walikuwa wameshaazimia kununa na hawakupata muda wa kubadilisha. Wakakaa wakaanza kukuna bila ya kusema. Shemsa akajifunga kibwebwe, akashika kipande cha nazi mbele ya meno, akasema anaomba mtu mmoja tu. Akainuka Badria muuza mkaa, mwanamke mwenye mwili wake na kicheko chake, akapanda. Alipiga pedali moja, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kubeba magunia. Mkanda uliruka, nazi ikamtoka Shemsa mkononi, ikapaa, ikagonga bati la jiko na kushuka ndani ya beseni la vitunguu.

Mtu mmoja akachekea puani. Akajaribu kujizuia, ikawa mbaya zaidi, na kicheko kikapita mikeka yote mitano.

"Mnaichezea," alisema Bi Mwatum. "Shuka, Badria."

Akapanda. Nakuapieni, alipanda. Alikuwa ameshavaa suruali ndani ya gauni, kwa hiyo ile "sipandi" ya jana mimi siiamini tena. Shemsa akarudisha mkanda, na Bi Mwatum akaanza, kwanza taratibu, halafu si taratibu. Alikuwa na hasira za tangu Alhamisi, na hasira za Bi Mwatum si za kumwagwa ovyo. Zote zikapita miguuni, zikaingia kwenye pedali, zikazunguka na gurudumu, zikatoka upande wa pili nazi nyeupe laini, beseni zima. Shemsa uso ulikuwa kama wa mtu aliyeangukia gunia la unga. "Ulfat," alinipigia kelele, "hiyo ndo petroli."

Kisha Bi Mwatum akaanza kuimba, kwa sababu hajui kufanya kazi bila ya kuimba. Wote wakapokea. Na hapo tukagundua jambo ambalo hata Shemsa hakulipigia hesabu: mashine ilifuata wimbo. Ukiimbwa wa pole, meno yanazunguka kwa maringo na nazi inatoka kubwa kubwa. Ukiimbwa wa haraka, nazi inaruka mpaka kwenye nywele. Shemsa akawa anaagiza nyimbo kama dereva anayebadilisha gia. "Huo mzito, leteni mwengine. Huo sawa. Huo mbio mno, tutaunguza mkanda."

Ikawa foleni. Watu wazima, wenye wajukuu, wanasukumana kwa zamu ya kupanda baskeli isiyokwenda popote. Waliokosa zamu walikuna kwa mbuzi wakishindana na baskeli, na wakadai wameishinda. Shangazi wa bwana arusi aliletwa na shughuli zake, dhahabu mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni ameduwaa. Shemsa akafa kwa aibu. Yule mama akavua viatu, akauliza zamu inaanzia wapi. Bashira hakuruhusiwa kutoka, mikono ina hina mbichi, akawa dirishani anacheka mpaka machozi yanamtiririka na hawezi kuyafuta. Nahodha alipiga hodi nje ya ua akauliza kama kuna usalama. Sauti nyingi zikamjibu kwa pamoja akachukue nyama.

Nazi zikaisha mapema, na hakuna aliyetaka kuacha. Watu wakaenda majumbani kwao wakarudi na nazi zao. Nazi iliyokunwa siku ile ilitosha arusi ile na ya jirani, na wali ulivyojaa tui, ukishika punje mbili zinakataa kuachana. Bashira alitolewa kwa vigelegele, nadhani hata kijiji cha Bwejuu, mbali kule, walivisikia. Bi Mwatum aliimba mpaka sauti ikamkauka, na miguu ilimuuma siku nyingi baadaye akawa anapita mtaani akichechemea kwa fahari, akimweleza kila mtu sababu.

Injini ilirudi mahali pake, na mashine sasa inakuna nazi za mikahawa. Shemsa alirudi kwenye pampu zake na majenereta yake. Mimi nilidhani mambo yameishia hapo, na sote tumepata kicheko cha kutosha mwaka mzima.

Mfungo mosi ulipofika, mwezi wa baada ya Ramadhani, Bi Mwatum alikuja mwenyewe karakanani. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka feni yangu. Shemsa alikuwa amelala chini ya jenereta, miguu tu inaonekana. Alipomsikia akatoka, akaanza kufuta mikono, akasema, "Shikamoo Bi Mwatum. Mjukuu wako nnajua arusi yake wiki ijayo. Jenereta lipo tayari, na mashine nitaileta mapema."

"Jenereta atalisimamia mumeo," alisema Bi Mwatum. "Mashine ibaki hapa hapa. Weye njoo na mbuzi wako."

Akageuka akaenda zake. Shemsa alisimama na tambara mkononi. Akanitazama mimi, akatazama chini, na machozi yakamtoka waziwazi bila ya kuyaficha. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na woga, "Ulfat, mie sina mbuzi."

Alinunua. Alikwenda mjini kwa ajili hiyo tu, akarudi na kigoda chake kimefungwa kwa gazeti. Siku ya kazi alikaa katikati yetu, magoti yamebana, mabega yamepanda mpaka masikioni, na kijasho chembamba. Sisi tulikuwa tumeshakuna nazi kadhaa yeye bado anahangaika na ya kwanza, na alipoinua sahani yake, ndani ya ile nazi mlikuwa mmejaa vipande vyeusi vya kifuu. Akaiweka chini ya upande wa kanga yake.

Bi Mwatum akanyoosha mkono akaitaka. Akaipokea, akaitazama, akaimimina ndani ya beseni pamoja na zetu.